Nani Anamsemea Msokotaji Uzi? Kisa cha India Kufuta Ushuru wa PTA

Tarehe 1 Februari 2020 Waziri wa Fedha wa India, Nirmala Sitharaman, alisimama bungeni mjini New Delhi kusoma hotuba ya bajeti ambayo ilikuwa ndefu kuliko zote zilizoitangulia, kwani ilichukua takriban saa mbili na dakika arobaini na bado hakuifikisha mwisho. Ndani ya maandishi ya hotuba hiyo ilikuwamo aya fupi kuhusu kemikali moja ambayo wabunge wengi, nadhani, hawakuwahi kuiona kwa macho, nayo ni asidi ya tereftaliki iliyosafishwa, ambayo wafanyabiashara wake huiita PTA. Aya hiyo ilieleza kwamba PTA ni malighafi muhimu ya nyuzi na uzi, kwamba kupatikana kwake kwa bei ya ushindani kunahitajika ili sekta ya nguo inayoajiri watu wengi ipate kukua, na kwamba kwa maslahi mapana ya umma ushuru wa kuzuia bei ya kutupa, yaani ushuru wa ziada kwa bidhaa za nje zinazouzwa kwa bei ya chini isivyo kawaida, uliokuwa ukitozwa kwa PTA kutoka nje unafutwa. Kesho yake tangazo la forodha likatoka, na ushuru ukakoma.

Kilichofanya uamuzi huo uwe wa kusomwa mara mbili ni tarehe nyingine. Mwezi Julai 2019, yaani miezi sita na siku chache tu kabla, serikali hiyohiyo ilikuwa imeuongezea muda ushuru huohuo kwa PTA ya Korea Kusini na Thailand, baada ya wachunguzi wake kupima ushahidi na kufikia hitimisho kwamba ukiondolewa madhara kwa wazalishaji wa ndani yangerudi. Mkono mmoja wa serikali ulisema ushuru huu unahitajika, na mkono wa pili ukasema umma unahitaji uondoke. Yeyote anayetaka kuelewa jinsi sera ya ushuru wa kuzuia bei ya kutupa inavyofanya kazi katika malighafi za nguo hawezi kupata kisa chenye mafunzo zaidi ya hiki, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na hoja.

Unga mweupe

PTA ni unga mweupe unaopatikana kwa kuoksidisha paraksilini, ambayo nayo hutokana na mafuta ya petroli. Unga huo ukichanganywa na kimiminika kiitwacho monoethilini glikoli, kwa kifupi MEG, hupatikana poliesta. Poliesta iliyoyeyushwa husukumwa kupitia vitundu vidogo, kisha ama huachwa iwe uzi mrefu usiokatika ama hukatwa kuwa nyuzi fupi zinazoweza kusokotwa peke yake au pamoja na pamba na viskosi, yaani nyuzi zitokanazo na massa ya mbao. Poliesta hiyohiyo ndiyo hutengeneza chupa za maji ya kunywa, kwa hiyo sare ya shule na chupa iliyo ndani ya mkoba wa mwanafunzi zina asili moja. Ili kupata kilo moja ya poliesta huhitajika takriban kilo 0.86 za PTA, na tarakimu hiyo ndiyo ufunguo wa hesabu zote zitakazofuata.

Wazalishaji wa PTA nchini India ni wachache mno. Reliance Industries ndiye mkubwa, akiwa na mitambo yake Gujarat na Maharashtra. Kiwanda cha Haldia, Bengali Magharibi, kilijengwa na Mitsubishi Chemical ya Japani kabla ya kuuzwa kwa kundi la wawekezaji wa Kihindi, na leo kinajulikana kama MCPI. Shirika la serikali la Indian Oil lina mtambo wake Panipat. Kiwanda cha nne kilijengwa Mangalore na kampuni ya JBF, kikazidiwa na madeni na kusimama. Hao ndio wazalishaji wote.

Upande wa pili wa soko hauhesabiki kwa vidole. Surat inafuma vitambaa vya sari vya poliesta, Silvassa inatia mikunjo uzi mrefu, Bhilwara huko Rajasthan inasokota na kufuma vitambaa vya suti vya poliesta na viskosi, na Bhiwandi karibu na Mumbai ina mashine za kufuma katika vibanda visivyo na majina. Baina ya makundi hayo mawili wapo watengenezaji wa nyuzi na uzi wa poliesta wanaonunua PTA bila kuizalisha. Hawa ndio waliolia kwa sauti kubwa zaidi, na kilio chao kilikuwa na sababu ya pekee: muuzaji wao mkuu wa PTA, Reliance, ni pia mshindani wao mkuu katika poliesta. Mtu anayenunua unga kwa jirani ambaye naye anauza maandazi mtaa uleule ataelewa hali yao bila maelezo ya ziada.

Sheria inapima nini

Neno la kibiashara la bei ya kutupa lina maana finyu kuliko ile ya mitaani. Bidhaa haihesabiwi kuwa imetupwa kwa sababu ni rahisi. Inahesabiwa hivyo pale msafirishaji anapoiuza nchi ya nje kwa bei iliyo chini ya ile anayouzia kwao, au iliyo chini ya gharama ya kuizalisha pamoja na faida ya kawaida. Tofauti hiyo ndiyo pengo la bei ya kutupa. Pengo peke yake halitoshi, kwani mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu jambo hili unadai mambo mengine mawili, yaani kwamba wazalishaji wa nchi iliyopokea bidhaa wamepata madhara, na kwamba madhara hayo yametokana na bidhaa hiyo na si na ubovu wa usimamizi, kuporomoka kwa mahitaji au sababu nyingineyo. Mambo hayo matatu yakithibitika, nchi inaruhusiwa kutoza ushuru wa ziada usiozidi pengo. Ushuru huo hudumu miaka mitano, ila mapitio ya ukomo yakionyesha kwamba kuuondoa kutarudisha madhara, unaweza kuongezewa muda.

India inaitumia ruhusa hiyo kuliko nchi yoyote. Tangu 1995 imekwisha kuanzisha uchunguzi zaidi ya 1,000 wa aina hiyo, na kemikali ndizo zinazoongoza katika orodha. Uchunguzi hufanywa na Kurugenzi Kuu ya Nafuu za Biashara, yaani DGTR, iliyo chini ya Wizara ya Biashara na Viwanda. DGTR haitozi ushuru, inapendekeza tu. Anayetoza ni Wizara ya Fedha kwa mujibu wa kifungu cha 9A cha Sheria ya Ushuru wa Forodha ya 1975. Kwa miaka mingi watu waliichukulia hatua hiyo ya pili kuwa ni muhuri tu, kwa sababu mapendekezo mengi yalipita bila kuguswa. Kisa cha PTA ni miongoni mwa vilivyokumbusha kwamba sheria inasema waziri anaweza kutoza, haisemi lazima atoze.

India hutumia pia kanuni ya ushuru mdogo zaidi. Maana yake ni kwamba hupimwa pengo la bei ya kutupa na vilevile pengo la madhara, yaani kiasi ambacho bei ya bidhaa ya nje iko chini ya bei ya haki ya mzalishaji wa ndani, kisha hutozwa lile lililo dogo. Kanuni hiyo ni ya hekima na si kila nchi inaifuata, lakini ikiangaliwa kwa makini utaona kwamba bado inampima mzalishaji peke yake. Bei ya haki kwa nani? Kwa anayeuza.

Kwa nini PTA ilikuja kwa bei ya chini

Wazalishaji wa India hawakuwa wakilalamikia kivuli. Katika muongo wa 2000 China ilikuwa ndiyo mnunuzi mkuu wa PTA duniani, na Korea Kusini, Taiwan na Thailand zilijenga mitambo mikubwa kwa kulitegemea soko hilo. Kisha China ikaanza kujijengea mitambo yake kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia, na kuanzia takriban mwaka 2012 ikawa inapunguza ununuzi kutoka nje hadi hatimaye ikawa nayo inauza nje. Mtambo wa PTA hauwezi kuzimwa na kuwashwa kama taa ya sebuleni. Unaendeshwa mfululizo, unazalisha mamia ya maelfu ya tani kwa mwaka, na gharama zake za kudumu ni kubwa kiasi kwamba mwenye nao huona heri auze kwa bei inayofidia paraksilini na umeme tu kuliko kuusimamisha. PTA iliyokosa mlango China ikatafuta mlango mwingine, na nchi kubwa ya karibu yenye viwanda vya poliesta vinavyokua ilikuwa India.

Ushuru wa kwanza, wa muda, ulitozwa 2014, na miongoni mwa nchi zilizolengwa zilikuwa Korea Kusini na Thailand. Mwaka 2016 ukaongezwa mwingine juu ya PTA ya China, Indonesia, Iran, Malaysia na Taiwan. Viwango vilitofautiana kwa nchi na kwa kiwanda, na kufikia wakati vilipofutwa vilikuwa kati ya dola 27 na dola 160 za Marekani kwa tani. Kwa ufupi, karibu kila anayeweza kuiuzia India PTA kwa gharama nafuu ya usafiri alikuwa ndani ya orodha. Hapa pana jambo ambalo huachwa pembeni katika mijadala mingi, kwamba kadhaa ya nchi hizo India ilikuwa imekwisha kufungamana nazo kwa mikataba ya biashara huria, kwani mkataba na Korea Kusini na ule wa bidhaa na nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia yote ilianza kutumika mwezi Januari 2010. Nchi ikishaahidi kupunguza ushuru wa kawaida, ushuru wa kuzuia bei ya kutupa hubaki kuwa mojawapo ya nyenzo chache halali zilizosalia mkononi, na nyenzo inayobaki peke yake hutumika hata pale isipofaa sana.

Hesabu ya msokotaji

Tuchukue mfano wa kubuni ili utaratibu uonekane. Tani ya PTA inafika bandarini kwa dola 650. Ushuru wa forodha wa asilimia 5 unaongeza dola 32.50, na ushuru wa kuzuia bei ya kutupa unaongeza, tuseme, dola 60. Mnunuzi ameifikisha kwa dola 742.50. Mzalishaji wa ndani, ambaye naye anaijua hesabu hiyo, hana sababu ya kuuza kwa dola 690 ilhali mpinzani wake hawezi kushuka chini ya 742, kwa hiyo atapanga bei yake karibu na hapo. Ikiwa nchi inatumia tani 100 na 20 tu ndizo zinazotoka nje, serikali inakusanya dola 1,200, lakini wanunuzi wote kwa pamoja wanalipa dola 6,000 zaidi, kwa sababu bei ya tani 80 za ndani imepanda pia. Ushuru unaosomeka kwenye karatasi za forodha ni sehemu ndogo ya ushuru unaolipwa sokoni.

Sasa tugeuze PTA iwe poliesta. Kwa kutumia ile tarakimu ya 0.86, ushuru wa dola 27 kwa tani unaongeza takriban senti 2.3 za dola kwa kilo ya poliesta, na ushuru wa dola 160 unaongeza senti 13.8. Mwenye duka la mashati hatazihisi senti hizo, kwa kuwa shati moja halina hata robo kilo ya nyuzi. Mzalishaji wa PTA hupenda kuieleza kesi yake kwa njia hiyo, akigawa mzigo kwa idadi ya mashati mpaka unaonekana kuwa si kitu. Lakini msokotaji hauzi mashati. Anauza uzi kwa kilo, kwa faida nyembamba, akishindana na uzi wa Vietnam na Indonesia uliotengenezwa kwa PTA isiyotozwa ushuru huo. Senti chache kwa kilo kwake ndizo faida yote, na siku nyingine ni zaidi ya faida yote.

Pana pia kasoro inayozaliwa na ushuru wenyewe. Malighafi ikizuiwa lakini uzi na kitambaa kilichotengenezwa kwa malighafi hiyohiyo ya bei ya chini vikaachwa kuingia, basi bei ya kutupa haijazuiwa, imehamishwa tu hatua moja mbele katika mnyororo. Aliyekuwa akinunua PTA ya Korea Kusini na kusokota Silvassa anakuta mteja wake ananunua kitambaa kilichokwisha fumwa nje. Wakati huo India ilikuwa tayari na tatizo la namna hiyo katika kodi ya bidhaa na huduma iliyoanza 2017, ambapo nyuzi za kutengenezwa zilitozwa asilimia 18, uzi asilimia 12 na kitambaa asilimia 5, yaani ngazi iliyopinduliwa kichwa chini. Ushuru wa PTA uliongeza uzito palepale palipokuwa pameinama.

Asiyekuwa na kiti

Katika kusoma nyaraka za uchunguzi wa aina hii mtu hupata hisia kwamba chumba kina watu watatu: mzalishaji anayelalamika, msafirishaji anayejitetea, na mchunguzi. Mtumiaji wa malighafi yupo mlangoni. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani unamtaja, katika ibara ya 6.12, lakini unampa nafasi ya kutoa taarifa zinazohusu kutupwa kwa bei, madhara na uhusiano wa mambo hayo mawili tu. Anaruhusiwa kusema kwamba PTA ya Thailand haikutupwa. Hakuna kinachomlazimu mchunguzi kumsikiliza akisema kwamba hata kama ilitupwa, kuizuia kutamfungia kiwanda. Mwanasheria ataona hapo mpaka halali wa mamlaka, na msokotaji ataona dhihaka.

Umoja wa Ulaya uliliona pengo hilo mapema. Kanuni zake za kuzuia bei ya kutupa, katika ibara ya 21, zinadai kwamba kabla ya ushuru kutozwa maslahi ya Umoja mzima yapimwe, pamoja na ya watumiaji wa malighafi na walaji, na ikionekana wazi kwamba hatua hiyo haina maslahi kwa Umoja, inaweza kuachwa. Kipimo hicho mara nyingi hakibadilishi matokeo, lakini kinalazimisha hoja za watumiaji ziandikwe, zijibiwe na ziweze kupingwa. India ya 2020 haikuwa na sharti kama hilo katika sheria yake. Maslahi ya umma yalikuwa na mlango mmoja tu, nao ulikuwa dawati la Waziri wa Fedha.

Kwa maoni yangu, uamuzi wa Februari 2020 ulikuwa sahihi kwa matokeo yake na dhaifu kwa njia yake. Ulikuwa sahihi kwa sababu ulinzi wa wazalishaji wachache, mmoja wao akiitumia mwenyewe sehemu kubwa ya PTA yake, ulikuwa ukilipiwa na tasnia pana inayoajiri watu wengi zaidi, tena katika nyuzi ambazo dunia inazihitaji. Poliesta peke yake ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotumika duniani, ilhali nguo za India bado zimeegemea pamba. Njia yake ilikuwa dhaifu kwa sababu hakuna hati iliyowekwa mbele ya umma inayoonyesha maslahi hayo mapana yalipimwaje, nani alisikilizwa, na kwa nini yale yaliyoonekana Julai hayakuwa na uzito Februari. Mzalishaji wa Haldia, asiye na biashara kubwa ya poliesta ya kumfidia kama aliyo nayo Reliance, alikuwa na haki ya kuuliza ni kipi kilichobadilika. Maneno machache ya hotuba si jibu.

Swali hilo la sababu lilifika kwenye vyombo vya sheria, ingawa kupitia bidhaa nyingine. Mwezi Oktoba 2021 baraza la rufaa la masuala ya forodha mjini New Delhi liliamua, katika shauri la kampuni ya Jubilant Ingrevia, kwamba Wizara ya Fedha inapoyakataa mapendekezo ya DGTR inafanya kazi iliyo nusu ya kihukumu na lazima itoe sababu. DGTR nayo baadaye ilianza kutumia dodoso la maslahi ya kiuchumi ili watumiaji waeleze athari watakazozipata. Hatua hizo mbili zikiwekwa pamoja, zinaonyesha kwamba kiti kimeanza kutafutwa, ingawa bado si sharti la kisheria lenye uzito kama la Ulaya.

Ndugu yake, viskosi

Atakayedhani kwamba PTA ilikuwa ajali ya msimu mmoja atazame nyuzi fupi za viskosi, zile zinazotokana na massa ya mbao na kutengeneza vitambaa laini vya reyoni. Huko India mzalishaji mkuu wa ndani ni mmoja, Grasim Industries wa kundi la Aditya Birla. Ushuru wa kuzuia bei ya kutupa ulitozwa tangu 2010 kwa viskosi ya China na Indonesia, ukaongezewa muda 2016. Mwezi Machi 2020, wiki chache baada ya bajeti ya PTA, Tume ya Ushindani ya India iliitoza Grasim faini ya rupia milioni 3,016 kwa kutumia vibaya nafasi yake ya utawala wa soko, ikiwamo kuwauzia wasokotaji kwa bei zenye ubaguzi. Kampuni iliipinga amri hiyo kwa rufaa. Vyovyote rufaa ilivyokuwa, picha ilikuwa ya ajabu: chombo kimoja cha dola kilikuwa kikimlinda mzalishaji dhidi ya ushindani wa nje wakati kingine kikimwadhibu kwa namna alivyotumia kukosekana kwa ushindani ndani. Ushuru wa viskosi uliondolewa Agosti 2021.

Baada ya siku 52

Angependa mtu kuonyesha kwa tarakimu kwamba wasokotaji wa Surat na Silvassa walinufaika mara moja. Haiwezekani kuonyesha hivyo kwa uaminifu. Siku 52 baada ya tangazo la forodha, yaani tarehe 25 Machi 2020, India nzima ilifungwa kwa sababu ya korona, bei ya mafuta ghafi ikaanguka na kuburuza paraksilini na PTA, na mafundi wa mashine za kufuma wakarudi vijijini. Kuutenga mchango wa ushuru uliofutwa kutoka katika dhoruba hiyo ni kama kutafuta tone la maji ya kisima baharini.

Kinachoonekana bila kuhitaji hesabu ngumu ni kwamba uzalishaji wa ndani haukufa kama ilivyohofiwa. Mwaka 2023 shirika la serikali la gesi, GAIL, lilikinunua kile kiwanda cha Mangalore kilichosimama, chenye uwezo wa tani milioni 1.25 kwa mwaka. Mtu hawekezi fedha za umma katika bidhaa anayoamini imekwisha kuzikwa na Wakorea na Wachina. Upande wa watumiaji nako, Septemba 2021 serikali iliidhinisha mpango wa motisha ya uzalishaji wa rupia bilioni 106.83 kwa nguo za nyuzi za kutengenezwa na nguo za kiufundi, mpango ambao ungekuwa kichekesho kama malighafi yake ingekuwa bado inatozwa ushuru wa adhabu.

Hata hivyo shauku ya kulinda haikuisha, ilibadili nguo. Badala ya ushuru zikaja amri za udhibiti wa ubora, ambazo zinadai kwamba bidhaa ya nje isiingie mpaka kiwanda kilichoitengeneza kikaguliwe na kupewa leseni na Ofisi ya Viwango ya India. Amri hizo zilizifikia PTA na MEG, na mwaka 2023 zikazifikia nyuzi za poliesta, nyuzi za viskosi na aina za uzi. Kwenye karatasi ni suala la ubora. Lakini leseni ya kiwanda cha ng'ambo huhitaji ukaguzi wa ana kwa ana, na ukaguzi ukichelewa, PTA haiingii hata kwa dola 1,000. Ushuru wa kuzuia bei ya kutupa una kikomo cha miaka mitano, una kiwango kinachojulikana, na unaweza kupingwa kwa rufaa. Amri ya ubora haina hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo maana wasokotaji wengine walisema, nusu kwa utani, kwamba waliukumbuka ushuru wa zamani. Angalau ulikuwa na bei.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, tofauti hiyo ina maana yake. Jumuiya yetu kwa kawaida huchukua njia ya tatu, yaani ushuru wa pamoja wa forodha uliopandishwa, na tangu Julai 2022 daraja la juu la asilimia 35 linagusa nguo na vitambaa. Kenya ina sheria yake ya nafuu za biashara ya 2017, lakini uchunguzi wa bei ya kutupa ni kazi ya wahasibu na wanasheria wengi, ilhali kupandisha daraja la ushuru ni kazi ya kikao. Ushuru wa jumla hauulizi ni nani ametupa bei. Unamtoza kila mmoja, na fundi cherehani anayenunua kitambaa Kariakoo au Eastleigh hana dodoso la kujaza.

Mwaka 2025 mambo yaligeuka tena. Mwezi Agosti Marekani, soko kubwa kuliko yote kwa nguo za India, ilipandisha ushuru wake kwa bidhaa nyingi za India hadi asilimia 50. Septemba ile ngazi iliyopinduliwa ya kodi ya ndani ikanyooshwa, nyuzi za kutengenezwa zikashuka kutoka asilimia 18 hadi 5 na uzi kutoka 12 hadi 5. Novemba serikali ikaziondoa amri za ubora kwa PTA, MEG, nyuzi na aina kadhaa za uzi wa poliesta, na siku chache baadaye ikaiondoa ile ya viskosi. Hoja zilizotumika zilikuwa zilezile za aya fupi ya Februari 2020, kwamba malighafi ipatikane kwa urahisi na kwa bei ya ushindani. Kifungu cha 9A kimebaki kama kilivyokuwa, na mzalishaji wa PTA anayetaka kuomba uchunguzi mpya bado anaweza kufanya hivyo.